Kompyuta ya Pembeni na Machungwa ya Msimbu

Mwanangu Mwanahamisi,

Kwa kuwa uko chumba cha pili na nakusikia ukibishana na mama yako kuhusu uzito wa begi, sitaanza barua hii kwa kukuuliza hali. Hali yako naijua. Umepewa sweta jingine, umelikataa, na limeingia begini hivyo hivyo.

Mambo ya sweta, dawa za tumbo, pasi ya kusafiria kukaa mfuko wa ndani na kutokupokea mzigo wa mtu usiyemjua, mama yako amekwishayasema, na atayasema tena kesho kuanzia hapa Kibaha mpaka mlangoni kwa wakaguzi wa uwanja wa ndege. Sina la kuongeza. Nimejifungia huku sebuleni kuandika habari ya mashine ya Baba Mkubwa Shomari. Najua umeisikia vipande vipande. Umesikia mama yako akisema, "Mimi nilimwambia," watu wakacheka, na wewe ukacheka nao bila kujua aliniambia nini. Yote hujawahi kuisikia kutoka kwangu, kwa sababu kila nikianza kuisimulia mama yako huimalizia. Leo ana kazi ya begi. Nimepata nafasi.

Tena ni vizuri uijue sasa, maana unakwenda kusomea jambo lile lile lililoniingiza matatani.

Nianze na baba yako mkubwa. Babu yako alipofariki, mimi na Shomari tulikuwa wote shule, yeye akinitangulia. Nyumbani Msimbu hapakuwa na uwezo wa kusomesha wawili. Siku moja Shomari alirudi kutoka Kisarawe mjini akiwa na miwani myeusi ya kuchomelea, akasema amepata fundi wa kumfundisha kazi na shule imemchosha. Shule ilikuwa haijamchosha. Alikuwa akinifundisha mimi hesabu za darasa lake jioni, na alizipenda. Tangu siku hiyo hakunikumbusha jambo hilo hata mara moja, hata siku tulizogombana, na tumegombana sana. Kwa hiyo nilipopata ualimu wa hisabati hapa Kibaha, na baadaye nikaanza shahada ya pili wakati wa likizo, nilijiona nasoma kwa niaba ya watu wawili. Mtu anayejiona hivyo huwa na kichwa kikubwa kidogo. Vumilia, utaona.

Msimamizi wangu chuoni alinipa mada ya kutatua milinganyo mingi kwa pamoja kwa kutumia maumbo na kompyuta nyingi. Unayajua haya kuliko mimi, lakini nataka ujue nilivyoyaelewa wakati ule. Ukiwa na milinganyo yenye herufi nyingi zilizozidishana, swali la kwanza ni majibu yanaweza kuwa mangapi. Njia ya zamani ni kuzidisha vipeo vikubwa vya kila mlinganyo, na unapata namba ya kutisha, kama mtu anayepika pilau ya harusi kwa kuhesabu kila aliyewahi kuishi kijijini, pamoja na waliohama. Njia mpya inatazama umbo. Vipeo vya kila kijisehemu cha mlinganyo ni mahali pa kuchomeka kigingi. Chomeka vigingi vyote, zungusha kamba kwa nje, unapata umbo lenye pembe. Kila mlinganyo una umbo lake. Ukiyachanganya maumbo hayo kwa utaratibu wake na kupima ujazo wa mchanganyiko, unapata idadi ambayo majibu hayawezi kuizidi, na mara nyingi ni ndogo kuliko ile ya kutisha.

Mimi nilitaka kuliona jambo hilo kwa macho. Nilichomeka vigingi uani kwa mwenye nyumba wangu, nikazungusha kamba. Jioni alinifuata kuniuliza kiwanja chake namuuzia nani.

Hatua ya pili ndiyo iliyonivutia zaidi. Unaanza na milinganyo rahisi ambayo majibu yake unayajua, halafu unaibadilisha polepole mpaka inakuwa ile migumu, huku ukilifuata kila jibu linakoelekea. Kila jibu lina njia yake, na njia moja haina haja ya kujua nyingine imefika wapi. Ndiyo maana kazi hii inagawika. Ukiwa na kompyuta nyingi, unazipa kila moja njia zake, zote zinatembea kwa wakati mmoja.

Nikiwa katikati ya raha hiyo, Shomari akaja Kibaha. Wafanyabiashara wa machungwa walikuwa wakilalamika kwamba kupakia matenga kwenye lori kunawavunja vijana migongo. Yeye alitaka kutengeneza mkono wa chuma wa kuzungusha kwa mpini, unaochukua tenga chini na kulipandisha juu ya lori bila kulipindua. Alikwishajaribu mara kadhaa kwa kukadiria. Akachora kwa kijiti hapo uani, pale pale kwenye matundu ya vigingi vyangu.

"Ncha ya mkono ianzie hapa," akasema. "Halafu ipite hapa, isiguse tairi. Ipande hapa, ivuke ubavu wa gari, ishuke hapa. Fito ni nne tu zenye viungo. Nipe urefu wa kila moja na mahali pa kuzifunga."

"Hizo ni hesabu ngumu, kaka."

"Sasa wewe huko chuoni unasomea nyepesi?"

Nilipoiandika milinganyo yake, nilishindwa kukaa kitini. Ilikuwa ya aina ile ile niliyokuwa nikiisoma. Yaani kaka yangu, bila kujua, alikuwa ameniletea mfano wa tasnifu yangu ukiwa na vumbi la Msimbu. Nikamwambia nipe muda tu, jibu litakuja. Na yeye akarudi nyumbani akawaambia watu wote kwamba mashine inakuja, na hesabu zake zinatoka chuo kikuu.

Njia za kufuata zilikuwa maelfu. Kompyuta yangu moja, iliyokuwa ikipiga kelele kama mashine ya kusaga, ingezeeka kabla ya kumaliza. Ndipo nikakumbuka duka moja la stesheneri hapo Maili Moja, lililokuwa na kompyuta za kukodisha. Duka lilikuwa la dada mmoja aitwaye Tausi. Unamjua. Wakati huu anakupangia viatu.

Nilimkuta anachapa barua ya mteja. Nikamsalimu, nikamwomba aniachie kompyuta zake zikiwaka baada ya kufunga duka.

"Zitakuwa zinafanya nini?" akauliza.

"Zitafuata njia."

"Njia za wapi?"

"Za majibu."

Akaacha kuchapa. "Na wewe utakuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Kwa hiyo zitafuata njia peke yao, mimi nimefunga, wewe umelala."

"Ndiyo, dada."

Alikubali. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa hajawahi kuona mwanamume anayeomba kompyuta na hataki kutazama chochote, akaona hana madhara. Nikaja na programu niliyopewa chuoni, nikazigawia njia kwa flopi, kila kompyuta fungu sawa na mwenzake. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, dogo. Njia hazilingani. Kuna njia inayonyooka ikafika, na kuna njia inayojipinda mpaka kompyuta inaanza kuchukua hatua ndogo ndogo kama mgonjwa. Wewe huko utakuwa na mashine ambazo zikimaliza zinaomba kazi nyingine. Zangu zilizomaliza mapema zilikaa tu, kama wajumbe wa kamati, nyingine zikihenya.

Asubuhi nilifika kabla duka halijafunguliwa. Mama yako alipofungua nikaingia mbio, nikachomoa flopi zangu zenye majibu bila hata kutazama kompyuta ipi inawaka. Na hapa ndipo penyewe. Mama yako, akiwa anafagia, aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ile ya pembeni niliizima jana kabla sijafunga. Ilikuwa inanuka waya."

Mimi nikajibu, "Ahsante sana dada, Mungu akubariki," nikatoka.

Sauti niliisikia. Maneno yake yaliniingia baada ya majuma. Mama yako anasema alibaki na ufagio mkononi akijiuliza amenipa nini cha kushukuriwa hivyo.

Nilipohesabu majibu, yalikuwa pungufu ya idadi ile iliyotoka kwenye maumbo. Hayakupungua sana. Nikakaa nikitazama. Halafu nikajiambia sentensi moja: idadi ya maumbo ni kikomo cha juu, majibu yanaweza kuwa pungufu. Nikaiandika, nikaipigia mstari, moyo ukatulia. Nataka uliangalie vizuri jambo hili, mwanangu. Sentensi ile ni ya kweli. Imo vitabuni, na wewe utaiandika mara nyingi. Kama ingekuwa ya uongo ningeishtukia. Kwa kuwa ilikuwa ya kweli, sikuiuliza kama ndiyo iliyohusika na yale yaliyokuwa mbele yangu. Tangu hapo nimejidanganya mara nyingine kadhaa katika maisha, na karibu kila mara nimetumia maneno ya kweli.

Majibu mengi niliyokuwa nayo yalidai fito zenye urefu usio wa dunia hii, namba za kufikirika. Chuma cha namna hiyo hakiuzwi hata kwenye maduka ya vyuma pale Kwa Mathias. Yaliyobaki yalikuwa machache, na moja lilikuwa zuri mno, fito za urefu wa kawaida kabisa. Nikaliweka kwenye milinganyo, likapita alama zote za Shomari. Nikalinakili kwa wino, nikapanda gari hadi Msimbu kulipeleka mwenyewe, nimevaa shati la mikono mirefu.

Shomari alikata fito kama nilivyosema. Nadhani hakuna fito zilizowahi kukatwa kwa uangalifu kama zile Kisarawe nzima. Siku ya majaribio alikodi lori, wafanyabiashara wakaja, diwani akaja, wanawake wakainjika chungu cha wali pembeni, na bibi yako akawekewa kiti mbele kabisa. Mimi nilisimama karibu na diwani nikimweleza habari za vigingi na kamba. Alitikisa kichwa kwa heshima.

Shomari akashika mpini, akasema bismillahi, akazungusha. Tenga likainuka. Likapita tairi bila kuligusa. Likapanda. Watu wakaanza kupiga makofi. Lilipokaribia ubavu wa lori, mkono ukakaza. Shomari akasukuma, ukakataa. Akasukuma kwa kifua. Fito zikatetemeka, zikajigeuza upande wa pili kwa mpigo mmoja, na machungwa yote yakaondoka.

Yalivuka lori. Mengine yalitua juu ya bati la jirani na kuanza kuporomoka moja moja, kwa taratibu, kama yanashuka ngazi. Mengine yaliingia kwenye wali. Moja lilimpata diwani kifuani, akalidaka, akabaki amelishika kama zawadi. Watoto walikimbilia kila upande. Bibi yako alisema, "Limefika mbali," na sijui mpaka leo kama alikuwa akisifu.

Hakuna aliyeumia. Mimi nilijua papo hapo kilichotokea, kwa sababu ni kosa linalojulikana na nilikuwa nimelisoma. Mkono ulipita alama zote kweli, lakini baadhi yazo ulizipita viungo vikiwa vimekunjwa huku, na nyingine vikiwa vimekunjwa kule. Kutoka upande mmoja kwenda mwingine ilibidi ufungue bolti. Milinganyo iliuliza tu kama ncha inafika kwenye alama. Haikuuliza inafikaje. Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza.

Kabla sijafungua mdomo, Shomari akasema mbele ya watu wote, "Nimekosea kukata."

"Hapana," nikasema. "Amekata sawasawa. Makosa ni yangu, hesabu ndiyo mbaya."

Halafu mzee mmoja, jirani yetu, akanishika bega. "Mwalimu, una moyo mzuri sana. Kumtetea ndugu ni jambo kubwa."

"Simtetei, mzee. Ni kweli."

"Ndiyo, mwanangu. Ni kweli."

Wengine wakanitazama kwa upendo. Nikaona hatari. Nikaanza kueleza viungo vilivyokunjwa, nikachora chini, nikaleta vigingi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kulainika. Kwa watu wa Msimbu, mtu anayejua maneno yote yale hawezi kukosea, na mtu anayejitolea kuyasema yote yale ili kumwokoa kaka yake ni wa kuombewa dua.

Kesho yake Bi Mwajuma, aliyekuwa amempa Shomari kazi ya dirisha la chuma, alikuja kulichukua likiwa nusu. Alisema atamalizia mbele ya safari. Mwingine akaja kuchukua geti. Nilimfuata Bi Mwajuma mpaka kwake.

"Shikamoo. Bi Mwajuma, nisikilize, kaka hakukosea kipimo."

"Marahaba. Baba yenu angefurahi kuona mnavyopendana," akasema, akanipa papai.

Niliporudi na lile papai, Shomari alikuwa amekaa juu ya gogo karakanani kwake, hana kazi ya kufanya. Akanitazama.

"Acha kunitetea," akasema. "Unanimaliza."

Sijawahi kusikia neno likiniuma vile, mwanangu, na hakulisema kwa hasira. Alikuwa ameacha shule ili mimi nipate akili, na sasa akili yangu ndiyo iliyokuwa ikimla. Nilirudi Kibaha nimeinamisha kichwa njia nzima.

Nilikwenda moja kwa moja dukani kwa Tausi. Sijui nilikwenda kutafuta nini. Nadhani nilitaka kumlaumu mtu, na kompyuta zake zilikuwa karibu. Nikamweleza yote, machungwa, diwani, dirisha, papai. Nikamaliza kwa kusema kwamba mbinu yenyewe ina walakini, maana hata idadi ya majibu haikutimia.

"Haikutimia kwa sababu ile ya pembeni niliizima," akasema.

"Uliizima lini?"

"Siku ile ile. Nilikuambia."

"Hukuniambia."

"Nilikuambia, na ukaniombea dua."

Nikakumbuka. Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Yeye akaenda kuhudumia mtu aliyetaka kutoa kopi ya cheti, akarudi, akanikuta bado nimekaa. Akaniuliza kama sasa itabidi kompyuta zote zianze upya. Nilitaka kusema ndiyo, kwa uchovu tu. Ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza kitu nilichokuwa nikikiandika miezi yote ile. Njia hazitegemeani. Zilizofika zimefika. Kulikuwa na haja ya kurudia zile za pembeni tu.

Safari hii sikugawa mafungu sawa. Nilikaa dukani, na kompyuta iliyomaliza nikaipa njia nyingine iliyobaki. Mama yako aliingia mchezoni. Akiwa anahudumia wateja alikuwa akiniambia bila kugeuka, "Ya mlangoni imemaliza," nami naiendea. Hapo nilikuwa nasikiliza kila neno. Majibu yalipotimia, idadi ililingana na ile ya maumbo, sawasawa kabisa. Nilimwomba kalamu nikaikata ile sentensi yangu niliyoipigia mstari.

Katika yale mapya kulikuwa na jibu moja la fito za kweli. Sikuliamini. Tulikata maboksi ya karatasi za kopi kwa vipimo vidogo, tukaunganisha kwa pini, mama yako akazungusha kwa kidole. Ncha ikapanda, ikavuka, ikashuka. Akazungusha tena. Akazungusha mara nyingi kuliko sayansi ilivyohitaji, na mimi sikumkataza.

Nilirudi Msimbu na vipimo vipya. Shomari alivipokea bila maneno mengi, akakata, akafunga. Watu walikuja tena, safari hii wakasimama mbali. Mkono ukachukua tenga, ukalipandisha, ukalivusha, ukaliweka ndani ya lori kama mama anavyomlaza mtoto. Ukarudi ukachukua la pili. Kelele za shangwe zikapanda, na katikati ya kelele hizo nikamsikia Bi Mwajuma akisema, "Nilisema mimi. Mwalimu amekuja kunyoosha kazi ya kaka yake."

Nilimtazama Shomari. Alikuwa ameshavaa miwani yake myeusi, wala hakuna kilichokuwa kikichomelewa.

Hapo nikafanya jambo ambalo hata leo nikilifikiria naona aibu na raha pamoja. Niliomba fito za zamani zirudishwe kwenye mashine. Shomari akasema hapana. Nikasisitiza. Nikamwomba Bi Mwajuma achukue tepu apime kila fito mwenyewe, mimi nisome karatasi niliyoileta mwanzo, yenye mwandiko wangu ambao nusu ya wazee pale waliufahamu, maana tangu nikiwa shule nilikuwa nikiwaandikia barua zao. Akapima. Nikasoma. Fito ya kwanza ikalingana, ya pili ikalingana, mpaka ya mwisho. Watu wakaanza kunong'ona. Tukazifunga, tukaweka tenga. Nikawaambia wasogee nyuma; wakasogea mbele. Nikashika mpini mimi mwenyewe, nikazungusha, na ulipokaza nikasukuma.

Nilipata mawili usoni na moja sikioni. Mengine yalikwenda kwenye bati lile lile.

Kisha Bi Mwajuma, tepu bado mkononi, akasema polepole, "Kumbe ni Mwalimu."

"Ndiyo, Bi Mwajuma."

"Mwalimu ndiye hajui hesabu."

"Nilikosea, ndiyo."

"Na kaka mtu alikata sawa."

"Alikata sawa."

Akageuka kwenda kwake. Baada ya muda tukamwona anarudi, yeye na vijana wawili, wamebeba dirisha. Kuanzia siku hiyo Msimbu wananiita Mwalimu Machungwa. Wewe ulipokuwa mdogo uliniuliza sababu, nikakwambia ni kwa kuwa nayapenda. Siyapendi hata kidogo.

Jioni ile, watu walipotawanyika, Shomari aliketi karibu nami akinifuta sikio kwa kitambaa chenye grisi.

"Ungeacha tu," akasema. "Mashine ilikuwa imeshafanya kazi."

"Na jina lako?"

"Lingerudi polepole."

"Mimi nisingeweza kulala."

Akacheka, kwanza kidogo, halafu akashindwa kuacha, akawa anataja diwani na lile chungwa kifuani mpaka machozi yakamtoka. Alipotulia akaokota kijiti. "Haya," akasema, "hebu nieleze hivyo vigingi. Diwani ulimweleza, mimi hujanieleza."

Nilimweleza tangu mwanzo. Aliniuliza maswali kama ya mtu ambaye alitoka darasani jana. Chakula kilipoa, bibi yako akatuita, akatuita tena, mwisho akatuacha. Tasnifu yangu ilikuja kusahihishwa na kupita, na wasahihishaji walicheka walipofika kwenye sura ya machungwa, lakini mimi tayari nilikuwa nimeulizwa maswali magumu zaidi, na mtu aliyeshika kijiti.

Mama yako nilimposa muda mfupi baadaye. Aliniuliza kama nimesikia alichosema baba yake kuhusu posa. Nikasema nimesikia. Akaniambia nirudie, neno kwa neno. Nilirudia. Ndivyo ulivyopatikana.

Sasa wewe unakwenda mahali ambapo kompyuta ni nyingi kuliko nyumba za Maili Moja, na hakuna atakayezizima kwa sababu ya harufu. Utakosea kwa namna ambazo mimi siwezi kuzikisia. Sikuombei usikosee. Nakuombea uwe na watu kama niliokuwa nao, mmoja wa kukwambia kwa sauti ya kawaida akiwa anafagia, na mwingine ambaye kosa lako likimwangukia yeye utaona uchungu wa kutosha kulifuata mpaka mwisho.

Kuna jambo limebaki, na ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu. Juma lililopita ulikaa nami barazani ukanieleza kazi utakayofanya huko, jinsi mnavyoyakata yale maumbo vipande vipande na kuzigawia mashine kazi hiyo nayo, siyo njia tu. Ulieleza kwa furaha, mikono inakwenda hewani. Mimi nilitikisa kichwa kama diwani. Nikasema, "Vizuri sana, mama." Ukaniamini.

Mwanahamisi, sikuelewa. Nilipotea mapema, nadhani pale uliposema habari za kuyainua maumbo juu kwanza kabla ya kuyakata, na kutoka hapo nilikuwa natazama mikono yako tu na kuwaza kwamba utaondoka. Niliogopa kukusimamisha, usije ukaona baba yako amekwishabaki nyuma.

Ukishafika, ukalala, ukapata laini, nipigie. Usinisalimie kwa muda mrefu. Nieleze tangu mwanzo, taratibu, na nikisema "vizuri sana," niulize umesema nini.

Baba yako